Ukitumwa eksirei: mwongozo wa mgonjwa, kuanzia fomu hadi picha mkononi

Binti wa chuo aliletwa kwangu na mama yake wakiwa na barua. Picha yake ya kifua, iliyopigwa kwingine wiki moja kabla, ilionyesha michirizi myeupe juu ya mapafu yote mawili. Sehemu hiyo ya juu ndiyo kifua kikuu hupenda kukaa, na mama alikuwa amelia njia nzima. Lakini binti hakohoi, hajakonda, hatoki jasho usiku. Nikamtazama kichwani: rasta nene zimeshuka hadi mabegani. Nikamwomba azikusanye zote utosini na kuzifunga, kisha nikampiga picha upya. Mapafu yakatoka meusi, kama yanavyotakiwa. Ile michirizi ilikuwa nywele.

Kosa lilikuwa la aliyempiga mara ya kwanza, maana kumkagua mgonjwa kabla ya kubonyeza kitufe ni kazi yetu sisi tunaopiga eksirei. Ila binti angejua jambo moja tu, angezifunga mwenyewe. Jambo lenyewe ni hili: eksirei ni kivuli. Mionzi hutoka kwenye mashine upande mmoja, hupita mwilini, hufika kwenye bamba upande wa pili. Hewa huipitisha karibu yote, ndiyo maana mapafu hutoka meusi. Mfupa huizuia mingi, hutoka mweupe. Nyama, damu na maji viko katikati, kijivu. Chuma ndicho cheupe kuliko vyote. Na kama kivuli cha ukutani, kila kilicho njiani huonekana, kiwe ndani ya mwili au juu ya nguo, na vyote hulaliana kwenye picha moja.

Picha maarufu ya mwanzo kabisa aliipiga Mjerumani Wilhelm Röntgen mwezi Desemba 1895 huko Würzburg. Ilikuwa ya mkono wa mkewe: mifupa ya vidole, na pete imeng'ang'ania kidole kimojawapo. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado ni pete hiyohiyo inayotusumbua kila asubuhi.

Fomu kwanza

Kabla hujatoka chumba cha daktari, itazame fomu aliyokuandikia. Jina liwe kama lilivyo kwenye kadi ya bima au kitambulisho, na umri uwe wa kweli. Kisha tafuta upande. Kama kinachouma ni goti la kushoto, fomu iseme kushoto. Mzee mmoja nilimpiga goti la kulia kwa kuwa ndivyo fomu ilivyosema. Alipokuwa anashuka kitandani akaniambia kwa upole, "Ila linaloniuma ni hili jingine, mwanangu. Nilidhani mashine inajua." Mashine haijui. Tangu siku ile simgusi mtu mpaka anionyeshe kwa kidole mwenyewe, lakini usisubiri uulizwe.

Kuna na sehemu ya maelezo ya ugonjwa, na hapa ndipo wengi hupunjwa bila kujua. Fomu iliyoandikwa "kifua" peke yake haimsaidii anayesoma picha. Iliyoandikwa "kikohozi wiki 3, homa za jioni, alitibiwa TB mwaka 2015" inamwambia atafute nini na atofautishe kovu la zamani na ugonjwa mpya. Kwa hiyo mweleze daktari kila kitu, hata kile unachoona hakihusiani: operesheni ulizofanyiwa, chuma ulichowekewa mguuni, ajali ya bodaboda ya miaka kumi iliyopita.

Halafu uliza swali moja: "Dokta, tunatafuta nini, na majibu yatabadilisha nini kwenye matibabu?" Si utovu wa adabu. Chukua maumivu ya mgongo. Mtu ameinua gunia, kiuno kimekamata, anakuja anadai eksirei. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi hutulia ndani ya wiki sita hivi, na picha haitaonyesha msuli uliovutika wala neva iliyobanwa. Itaonyesha "mifupa imelika kidogo", jambo ambalo watu wazima wengi wasioumwa chochote wanalo, na hofu itaanzia hapo. Hesabu ni nyingine kama ulianguka, una homa, umekonda bila sababu, uliwahi kuugua saratani, miguu inakosa nguvu, au mkojo unatoka bila wewe kutaka. Hapo usisubiri hata kesho, ingawa daktari anaweza kukutuma kipimo kingine badala ya eksirei.

Malipo sitayaongelea sana kwa kuwa kila hospitali ina utaratibu wake. Kwa hospitali za serikali Tanzania utapewa namba ya malipo, utalipia kwa simu au kwa wakala, na risiti ndiyo tiketi yako. Mwenye bima apite kwanza dirisha la bima kupata idhini, vinginevyo atapanga foleni mbili. Kenya, tangu Oktoba 2024 SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, hakikisha usajili wako uko hai kabla ya siku ya kipimo.

Na kama uliwahi kupigwa picha ya sehemu hiyohiyo, njoo nayo, hata kama ni ya miaka mitano iliyopita. Kidoa kidogo kwenye pafu ambacho hakijabadilika kwa miaka mitano na kidoa ambacho mwaka jana hakikuwepo ni habari mbili tofauti kabisa. Picha ya leo peke yake haiwezi kusema ni ipi kati ya hizo.

Asubuhi ya kipimo

Kunywa chai. Picha ya kawaida ya kifua, mfupa, kichwa au mgongo haihitaji njaa. Kila wiki napokea wazee wenye kisukari waliotoka nyumbani alfajiri bila kula, kwa kuwa jirani aliwaambia "kwenye vipimo mtu haendi na tumbo limejaa". Wanakaa foleni kwa muda wa saa nne, sukari inashuka, wanatetemeka. Kula, meza dawa zako, beba maji. Vipimo vinavyotaka njaa vipo, nitavigusa mwishoni, na ukipangiwa kimoja utaambiwa.

Vaa nguo rahisi kuvua. Akina mama, kanga au kitenge begani hufaa sana kwa kujisitiri wakati wa kubadilisha, kwani magauni ya hospitali hayatoshi kila siku na mengine yamepoteza kamba. Kwa picha ya kifua, sidiria itavuliwa kwa sababu ya vishikizo na waya wake. Fulana yenye maandishi mazito ya plastiki kifuani nayo iache, kwani maandishi yale hutokea kwenye picha. Mkufu, hereni ndefu, pini za hijabu, simu iliyosahauliwa mfuko wa shati, yote ni kivuli. Kwa kichwa na shingo ongeza vibanio vya nywele na meno ya bandia yanayotoka.

Tuseme na lile ambalo watu hawalisemi. Bibi mmoja aliletwa baada ya kuteleza bafuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Kuna chochote ulichovaa kiunoni?"

"Sina kitu, baba."

Picha ikatoka na msururu wa vijiduara vyeupe umekatiza juu ya nyonga, mahali palepale tulipokuwa tunatafuta ufa. Shanga. Bibi hakudanganya kwa ubaya, ila mjukuu wa kiume haambiwi habari za shanga. Nikamwita nesi wa kike, nikatoka nje, wakayamaliza wenyewe. Basi, kama una shanga, vua nyumbani. Kama hutaki kuzikata, mwambie nesi mapema zisogezwe juu au chini ya eneo linalopigwa. Hirizi vilevile: hakuna atakayekuuliza ni ya nini, ila ikiwa shingoni au kiunoni itaonekana, hasa ikiwa na chuma ndani. Na una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako au ndugu wa kukusindikiza hadi mlangoni. Pengine utasubiri kidogo, lakini omba.

Aliyeumia mkono avue pete saa hiyohiyo, kabla ya kutafuta usafiri. Kidole kikishavimba pete haitoki tena kwa sabuni wala mafuta, itabidi ikatwe, na ikiachwa inaweza kuzuia damu. Usikubali mkono au mguu unaodhaniwa umevunjika ukandwe au unyooshwe kabla ya picha. Ufungie ubao au boksi gumu lisogee pamoja nawe, uje hivyohivyo. Mtu aliyeumia shingo asiinuliwe na kukalishwa kwenye bodaboda. Asubiri gari alazwe chali, kichwa kimeshikiliwa kisicheze.

Mlangoni

Juu ya mlango utaona alama ya njano yenye mapanga matatu kama ya feni, na mara nyingine taa nyekundu. Taa ikiwaka usifungue. Tanzania, mashine hizi na vyumba vyake hudhibitiwa na Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Kenya kazi hiyo ni ya KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia. Ukiingia kituo cha mtaani chenye mashine ndani ya chumba cha mbao na pazia, ukauliza leseni iko wapi, hujamkosea mtu heshima.

Mwanamke wa umri wa kuzaa ataulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Jibu ukweli, hata kama mumeo au mama mkwe amesimama karibu. Kama huwezi kujibu mbele yao, sema unataka kuongea na mhudumu peke yako. Ukiwa na mimba au ukiwa huna hakika, haimaanishi hutapigwa. Picha ya mkono, mguu au kifua haielekezwi tumboni, na kinachomfikia mtoto ni kidogo mno. Picha ya tumbo, nyonga au kiuno ndiyo tunayopima: je, inaweza kusubiri? Je, ultrasaundi itatosha?

Na kama ulipigwa kabla hujajua una mimba, tafadhali usikimbilie kuitoa. Nimeshaulizwa swali hilo na wasichana wanaolia. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, imeeleza kwamba pale mtoto alipopata chini ya miligrei 100 (miligrei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini), mionzi si sababu ya kutoa mimba. Picha moja ya kawaida ya tumbo humfikishia kama 1 hadi 3. Nenda kliniki, eleza tarehe na sehemu iliyopigwa, watakufanyia hesabu.

Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, hata akitoka tu chumbani. Maziwa hayaguswi.

Ndani ya chumba: kifua

Hii ndiyo picha tunayoipiga kuliko zote, na ndiyo mgonjwa anayoweza kuiharibu au kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ukiweza kusimama, utasimama umeelekea bamba, kifua kimeligusa, mgongo umeipa mashine. Wengi hushangaa: mbona nageuzwa kama naadhibiwa? Sababu ni kivuli tena. Weka mkono wako karibu na ukuta, kivuli kinalingana na mkono. Usogeze karibu na taa, kinakuwa mkono wa jitu. Moyo uko upande wa mbele wa kifua, hivyo tunaulaza karibu na bamba ili usionekane mkubwa kuliko ulivyo, na mashine tunaisogeza mbali, kama sentimita 180. Mgonjwa aliyelala kitandani hupigwa kutoka mbele kwa lazima, na moyo wake hutoka umevimba. Anayesoma anajua hilo, ila wewe usiione picha ya namna hiyo ukaanza kuandika wosia.

Kidevu juu. Mikono kiunoni, viwiko visukumwe mbele hadi viguse bamba. Mkao huu haupendezi, unaonekana kama kuku anayetaka kuruka, lakini ndio unaoyatoa mabapa ya mabega juu ya mapafu. Kisha utasikia: "Vuta pumzi... bana, usipumue."

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu wengi huvuta pumzi kwa mabega: mabega yanapanda, tumbo linaingia ndani, mapafu hayajajaa. Vuta kwa tumbo, polepole, kama unayejiandaa kuzama majini kuokota kitu. Ikijaa ndipo ubane. Tunataka kuhesabu kama mbavu kumi za nyuma juu ya pafu. Zikionekana saba au nane, mapafu yamejikunja, sehemu ya chini inakuwa na ukungu unaofanana na nimonia, na moyo unatanuka. Nimeona mtu akiandikiwa sindano za wiki nzima kwa ukungu uliotokana na pumzi nusu. Jaribu mara mbili tatu ukiwa bado kwenye benchi. Ukiwa unakohoa sana, sema, tutasubiri kikohozi kipite ndipo tubonyeze.

Utasikia mlio mfupi, mvumo kidogo, basi. Mionzi yenyewe imewaka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hutahisi joto, maumivu wala harufu. Ukiambiwa "pumua", pumua.

Mifupa, tumbo, mgongo

Mfupa hupigwa angalau mara mbili, mbele na ubavuni. Si kwamba tumekosea ya kwanza. Fimbo iliyopasuka, ukiitazama kwa upande mmoja inaweza kuonekana nzima, igeuze ndipo uone imepinda. Kwa kugeuzwa huko utaumia, na sitakudanganya kwamba hautaumia. Omba dawa ya maumivu kabla ya kuingia, siyo baada. Ukishindwa kugeuza kiungo, tuachie sisi tuigeuze mashine. Usijikaze kiume mpaka ukatetemeka, kwa sababu kutetemeka huifanya picha iwe na ukungu na tutarudia.

Mgongo na tumbo hupigwa umelala. Kitanda ni kigumu na cha baridi. Zaidi ya kutulia na kubana pumzi, hakuna la kukufundisha.

Mtoto

Mzazi mmoja anaweza kuingia kumshika, asiye na mimba. Atavikwa aproni ya risasi. Usishtuke na neno: ni madini tu, nayo huzuia mionzi. Mshike mtoto kwa uthabiti kuliko moyo unavyokutuma. Kushikwa vizuri mara moja ni huruma kubwa kuliko kushikwa ovyo mara tatu. Mfunge kwa khanga, mwimbie, njoo na mwanasesere wake. Kwa kifua cha mtoto mchanga tunangoja avute pumzi kati ya kilio na kilio, na hapo ndipo kilio kinapotusaidia.

Mtoto aliyemeza kitu ana sura yake. Sarafu huonekana vizuri: ikiwa kwenye njia ya chakula, picha ya mbele huionyesha kama duara kamili. Kama unayo sarafu inayofanana nayo, njoo nayo tulinganishe ukubwa. Lakini betri ndogo ya duara, ya rimoti, saa au mdoli unaoimba, ni hatari ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Usingoje "itoke kwa haja". Karanga, punje ya mahindi na plastiki, kwa upande mwingine, kwa kawaida hazionekani. Mtoto aliyekabwa akila karanga, akabaki anakoroma upande mmoja wa kifua, picha yake inaweza kuonekana nzuri na karanga bado iko ndani. Mweleze daktari ulichokiona mezani, usiachie picha iseme peke yake.

Watu wa pwani nao wana lao: mwiba wa samaki. Mara nyingi hautokei kwenye eksirei, hasa ulio mwembamba. Usiushindilie kwa tonge la ugali. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo autazame kwa taa.

Mionzi ni mingi kiasi gani?

Nitajibu kwa siku, kwa kuwa milisiveti, kipimo tunachotumia kuhesabu mionzi, hazimwambii mtu kitu. Kila mmoja wetu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, kwenye hewa na chakula, wastani wa dunia ukiwa kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha ya kifua ni kati ya 0.02 na 0.1, yaani sawa na siku tatu hadi kumi na tano za kuishi tu. Mkono au mguu ni siku moja au chini ya hapo. Uti wa mgongo wa kiunoni ni 1 hadi 1.5, karibu nusu mwaka. CT ya tumbo, ambayo nayo ni eksirei nyingi zilizozungushwa, hufika 8 hadi 10, miaka mitatu hadi minne. Ultrasaundi na MRI, kipimo cha sumaku, hazitumii mionzi hii kabisa.

Mionzi haibaki mwilini. Ni kama mwanga wa tochi: ukizima, haupo. Huhitaji kunywa maziwa kuisafisha, na unaweza kumbeba mwanao mara utokapo.

Watu wengine hudai wafunikwe risasi sehemu za siri kwa kila picha. Zamani ilikuwa hivyo. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri desturi hiyo iachwe kwa wagonjwa, kwa sababu mashine za sasa zinatumia mionzi kidogo na ile ngao ikikaa vibaya huziba kinachotafutwa, picha ikarudiwa. Usipovikwa, usidhani umepuuzwa. Kilicho muhimu zaidi ni mwanga wa mashine kubanwa uangukie sehemu inayohitajika tu. Ule mraba wa taa unaouona mwilini mwako kabla ya picha ndio mpaka wa mionzi. Umetumwa kiganja na taa inamulika hadi tumboni? Uliza.

Picha ikitoka

Iwe filamu, CD au imetumwa kwenye kompyuta ya daktari, hakiki jina, tarehe na upande. Herufi R ni kulia, L ni kushoto. Usichanganyikiwe ukiiinua juu ya dirisha: picha ya kifua inakutazama kama mtu aliyesimama mbele yako, hivyo kulia kwake ni kushoto kwako.

Anayekupiga picha si lazima awe ndiye anayeisoma. Ukiniuliza "vipi, nimevunjika?" nitakujibu kwamba daktari atakueleza, na sikufichi. Sehemu nyingi daktari aliyekutuma huisoma mwenyewe papo hapo, na ripoti ya bingwa wa radiolojia huja baadaye. Ipo siku ripoti hiyo huona ambacho jicho la haraka halikuona. Kwa hiyo uliza: ripoti itatoka lini, na nani atanipigia ikiwa na jipya? Acha namba ya simu inayopatikana. Ukiipiga picha filamu kwa simu dhidi ya balbu ili umtumie binamu yako daktari, naye akakuambia haoni kitu, usidhani huna ugonjwa: ukungu mdogo hupotea hapo. Omba faili lenyewe kwenye CD.

Wanaopigwa kifua kwa ajili ya viza au kazi, iwe Uingereza au nchi za Ghuba, na waliwahi kutibiwa kifua kikuu, wabebe cheti cha kumaliza dawa na picha za zamani. Kovu hubaki miaka mingi na hufanana na ugonjwa. Picha peke yake haithibitishi TB. Makohozi ndiyo hupimwa, na kusubiri majibu yake kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo usinunue tiketi mapema.

Picha safi, bado naumwa

Ulianguka ukajikinga kwa kiganja. Ule mchimbuko chini ya kidole gumba, unaoonekana ukikinyanyua, unauma ukiubonyeza. Eksirei ya leo inasema hakuna kitu. Kuna kimfupa pale ambacho ufa wake hujificha siku za mwanzo. Mkono ufungwe, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, mfupa unapoanza kujiunga ufa hujitokeza. Ukipuuzwa, kimfupa kile kinaweza kufa kwa kukosa damu. Maambukizi ndani ya mfupa nayo, ambayo watoto wenye selimundu hupata zaidi, huchelewa kujionyesha kwa wiki mbili hivi. Mtoto ana homa na hataki kuukanyaga mguu, picha "safi" isikurudishe nyumbani kimya. Rudi useme: "Bado."

Vipimo vyenye dawa

Baadhi hutumia dawa ya kung'arisha. Ya kunywa, bariamu, ni nyeupe kama chokaa. Hiyo unakuja na njaa, na baadaye choo kitakuwa cheupe siku moja mbili, kunywa maji mengi kisikauke. Ya kudungwa ina ayodini: sema kama una mzio, pumu, ugonjwa wa figo, au unatumia metformini ya kisukari. Kipimo cha mirija ya uzazi hupangwa baada ya hedhi kukatika na kabla ya siku za kutunga mimba, kwa kawaida siku ya 7 hadi ya 10 ukihesabu tangu hedhi ilipoanza. Kinauma kama tumbo la hedhi kali, hivyo uliza dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla, na usiende peke yako.

Kuhifadhi

Filamu ikae kwenye bahasha yake, imesimama au imelala, bila kukunjwa, mbali na bati la paa na unyevu. Chini ya godoro hujikunja, juu ya kabati jikoni hushika mafuta. Andika nyuma ya bahasha, siyo juu ya filamu, mwaka na sababu. Watoto wasiichezee. Na jua likipatwa, kama lilivyopatwa Rujewa kule Mbeya tarehe 1 Septemba 2016, usiiweke filamu machoni ukalitazama. Weusi wake hupunguza mwanga unaokuumiza, lakini hauzuii mionzi mingine ya jua inayounguza jicho bila wewe kuhisi.